Maswali ya Barabarani: Jina la kijana liandikwe kwenye fomu

SWALI

Assalamu alaykum, Bi Mkubwa. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Fuoni. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 19, amepata leseni miezi miwili iliyopita, na ameanza masomo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pale Tunguu. Baba yake yuko Maskati. Ametuma shilingi milioni 13 tutafute gari na kulikatia bima. Kijana anataka Altezza aliyoiona Kiembesamaki, ya rafiki wa rafiki yake. Mimi natamani Vitz ile ya piston tatu kwa sababu hainywi mafuta. Kaka yangu aliyeko London anasema gari lolote tutakalonunua, bima niikate kwa jina langu na kijana nisimtaje hata kidogo, maana ukitaja kijana wanakukamua. Jirani yangu anasema bima yenyewe ina shaka kidini, nichukue ile ndogo ya kumuonyesha trafiki, basi. Na kijana keshawaahidi wenzake watatu kuwa atawapakia kila siku, watamchangia mafuta. Nianze wapi?

Mama wa wanne, Fuoni

JIBU

Wa alaykum salaam, mama. Naanza na maneno ya kaka yako, kwa sababu hayo ndiyo yaliyonishtua kuliko Altezza.

Miaka 22 nilikaa kwenye dawati la madai ya bima hapa mjini. Faili moja sijalisahau. Baba mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alikuwa na Corolla nyeupe aliyoikatia bima kubwa, ile inayolipia mpaka gari lako mwenyewe. Kijana wake wa miaka 20 alikuwa anatoka njia ya Chwaka saa mbili usiku, akaliparamia gari la ng'ombe lisilo na taa. Ng'ombe alikufa pale pale. Mwenye gari la ng'ombe alivunjika paja, akalala hospitali wiki saba. Nilifungua fomu aliyoijaza yule baba siku ya kukata bima. Pale panapouliza, "Nani mwengine ataendesha gari hili?", alikuwa ameandika kwa kalamu ya buluu, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma: "Hakuna." Chini yake sahihi na tarehe.

Mpelelezi wa kampuni hakuhitaji hata siku mbili. Aliuliza barzani, akaambiwa gari ni la kijana, anakwenda nalo kazini kila siku. Akauliza kituo cha mafuta, jibu likawa lile lile. Kampuni ilikataa kulitengeneza gari, na pesa alizolipwa majeruhi ikazidai kwa yule baba. Aliuza kiwanja chake cha Dunga. Kilichoniuma zaidi ni kwamba angeandika jina la mwanawe siku ile, bima ingebeba karibu mzigo wote. Kijana alikuwa na leseni halali, na alikuwa hajanywa wala hakuwa mbioni.

Mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli wa yule anayeomba. Kampuni haikujui, haijui nyumbani kwako anaishi nani. Inauliza, unajibu, na jibu lako ndilo linaloshikilia kila kitu kinachofuata. Ukificha jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wao, wanaweza kuuvunja mkataba siku unayouhitaji. Na siku hiyo huwa umeshalipa, umeshasahau, unajiona umelindwa.

Kaka yako anazungumza kwa uchungu wa huko aliko. Uingereza umri wa dereva unapandisha bei ya bima sana, na wazazi wengi hujaribiwa kuandika majina yao badala ya ya watoto. Lakini hata huko ni udanganyifu, na kampuni ikigundua inaweza kuifuta bima. Hapa kwetu hesabu ya bima kubwa ya gari binafsi inaangalia zaidi thamani ya gari. Kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3.5 ya thamani, halafu kodi juu yake. Gari la milioni 11 ni shilingi 385,000 kabla ya kodi. Kwa hiyo kaka yako anakuokolea pesa ambayo pengine hata hutodaiwa.

Umri wa kijana utauona mahali pengine. Ajali ikitokea, kuna kiasi ambacho mwenye gari hubeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chake, ofisini wanakiita eksesi. Mikataba mingi niliyopitia ilikuwa na kipengele kinachosema dereva aliye chini ya umri fulani, mara nyingi miaka 21 au 25, au mwenye leseni isiyotimiza mwaka mmoja au miwili, kiasi hicho kwake kinaongezeka. Mwambie wakala akufungulie ukurasa huo akusomee, usitosheke na kuambiwa "hakuna tatizo". Ukishajua ni kiasi gani, kiweke kando katika ile milioni 13 na usikiguse. Nimeona magari yamelala gereji miezi mitano, bima imekubali kulipa, ila mwenyewe hana fungu lake.

Thamani ya gari nayo itaje kama ilivyo. Ukinunua kwa milioni 12 ukaandikisha milioni 8 ili bima ishuke, siku likiharibika kwa hasara ya milioni 3 kampuni ina haki ya kukulipa kwa uwiano ule ule, yaani milioni 2. Milioni moja utaitafuta mwenyewe.

Sasa jirani yako. Ana haki ya kuwa na wasiwasi wa dini yake, na wala si yeye peke yake. Lakini asikupeleke kwenye bima ndogo kwa sababu hiyo, maana bima ndogo nayo ni bima. Bima ndogo inamlipa yule uliyemgonga au uliyemharibia mali yake. Gari lako likipondeka, likiungua au likiibwa, ni shauri lako. Sheria inailazimisha hiyo, kwa hiyo hakuna namna ya kuingia barabarani bila angalau yenyewe. Kwa mwenye shaka ya kidini ipo takaful, na hapa Zanzibar inapatikana. Wanachama wanatoa michango kwa nia ya kusaidiana, mfuko unawalipa waliopata hasara, msimamizi anachukua ujira wake unaojulikana, na pesa haziwekezwi kwenye riba. Mwaka ukiisha na mfuko ukabakiwa na ziada, wanachama wanaweza kurejeshewa sehemu yake, kutegemea masharti. Uliza wana takaful ya gari iliyo sawa na bima kubwa, na uliza vile vile maswali ya eksesi na ya dereva kijana. Dini haikuondoshei wajibu wa kusoma masharti.

Kwa dereva wa miezi miwili mimi nakushauri bima kubwa au takaful iliyo sawa nayo, angalau miaka miwili ya mwanzo. Mikwaruzo ya kurudi nyuma, kugusana na daladala linalosimama ghafla, nguzo ya geti la nyumbani: hivi vyote vinampata kijana mwema anayejifunza. Na ukishalipa, usitoke ofisini kwa kuamini karatasi tu. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, ambayo kazi yake inafika mpaka huku Zanzibar, ina mfumo wa kuhakiki stika. Unaingiza namba ya gari au ya stika kwenye simu, unaona kampuni gani imekata, kuanzia lini mpaka lini. Hakikisha hapo hapo mezani kwa wakala. Kadi ya gari iwe kwa jina lako na bima kwa jina lako wewe mwenye gari, na jina la mwanao liwe pale kwenye nafasi ya madereva, pamoja na tarehe ya leseni yake.

Tukija kwenye gari lenyewe. Altezza nakuomba uikatae, na umwambie kijana sababu badala ya kumwambia "nimesema". Ni gari la cc 2,000 linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwenye lami iliyolowa, mvua za masika zinapopiga Mwanakwerekwe, gari la namna hiyo ukikanyaga mafuta kwenye kona, mkia unakimbilia mbele. Dereva mzoefu anajua la kufanya. Mwenye leseni ya miezi miwili anakanyaga breki na kuvuta usukani, na hapo ndipo linapozunguka. Halafu magari haya yamepita mikono ya vijana watatu wanne kabla hayajafika kwenu, na kila mmoja amelijaribu mwendo.

Vitz unayoitamani ni gari jema kwa mafuta, sina neno nalo. Ila ile ya piston tatu ni nyepesi, na gari jepesi likikutana na lori la mchanga njia ya Tunguu, uzito unahesabika. Kwa kijana sitaki gari lenye nguvu nyingi, na sitaki lililo dogo kuliko yote. Nataka la katikati, lisilo na sifa kwa vijana.

Kwa hiyo mnunulie Raum. Najua atakunja uso. Raum ile ya pili, iliyotengenezwa kuanzia 2003, ina injini ya cc 1,490 na kitu, inayofanana na ya magari mengine mengi ya Toyota, kwa hiyo spea zimejaa na hakuna fundi asiyeijua. Kiti kiko juu kidogo, dereva anaona mbali. Milango ya nyuma inateleza pembeni, haimpigi mwenye baskeli anayepita. Na hakuna kijana atakayemshtua mwenye Raum kwenye taa ili washindane. Ukikosa Raum nzuri, chukua IST ya cc 1,300. Hali ya gari uitangulize kuliko jina lake.

Kulikagua, nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, kuna kitu hataki usikie injini ikiwa baridi. Mume wangu ni fundi Mwanakwerekwe, na yeye kabla ya injini anaanza na mkanda wa kiti. Kaa kiti cha dereva, uvute mkanda wote mpaka mwisho, polepole, huku unaupapasa kwa vidole. Mkanda uliowahi kumshika mtu kwenye ajali huwa umetoka nyuzinyuzi, au una mahali panapong'aa kama palipopigwa pasi. Karibu na mwisho wake chini mara nyingi kuna kibandiko chenye mwaka uliotengenezwa. Gari la 2005 lenye mkanda wa 2011, muulize muuzaji ule wa kwanza ulikwenda wapi.

Halafu geuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya mifuko ya hewa iwake, ikae sekunde chache, izime yenyewe. Isipowaka kabisa, usifurahi: pengine wamelitoa balbu ili usijue mfuko ulishafumuka. Ikizima wakati ule ule na taa ya injini, kila mara, inaweza kuwa wameziunganisha pamoja. Mwite fundi umeme alisome kwa mashine. Taa ya ABS, ile ya breki zisizofunga tairi, nayo iangalie hivyo hivyo.

Kisha kutu. Hewa yetu ya chumvi inakula gari kimya kimya, na lililoishi Paje au Nungwi hata ukilipaka rangi mpya linaliwa kwa chini. Inua zulia la buti, toa tairi la spea, tazama lile shimo lake. Chukua bisibisi, gonga kwa kichwa chake chini ya milango na pale mkanda wa kiti ulipofungwa kwa bolti kwenye sakafu. Sauti iwe ya bati zima. Bisibisi ikizama, mkanda huo hautomshika mwanao, kwa sababu bolti imeshikilia kutu. Hapo ondoka, hata kama bei imeshuka milioni mbili.

Tairi zina tarakimu nne ubavuni ndani ya kiduara kirefu. 3218 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2018. Kashata inaweza kuwa bado nzuri, lakini raba iliyochoka na jua ina mipasuko midogo kama udongo wa kiangazi. Weka fungu la tairi nne mpya kwenye hesabu yako kabla ya redio na rimu. Na ikiwa mtaamua kuagiza Japani kupitia baba yake, omba karatasi ya mnada. Pale penye daraja pakiandikwa R au RA, gari hilo liliwahi kugongwa likatengenezwa.

Hesabu yako, mama, naiona hivi: gari lisizidi milioni 11, bima na kodi yake, tairi na huduma ya breki, na kinachobaki ni lile fungu la eksesi. Ikikubana, punguza kwenye gari. Tairi na bima visiguswe.

Nimelibakisha la wenzake watatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi kwa vijana wa watu. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Na kijana peke yake garini si dereva yule yule akiwa na wenzake. Nimesoma maelezo ya polisi mengi mno yanayoanza na maneno, "Tulikuwa watano ndani ya gari, tukizungumza." Miezi sita ya mwanzo apakie mwenzake mmoja, akae mbele, mkanda umefungwa. Hao wengine wapande daladala, hawatomchukia. Na pesa ya mafuta asiipokee kwa mpango wa kila siku. Fomu yako itasema matumizi binafsi. Watu watatu wanaolipa kiasi kilichopangwa kila asubuhi, kampuni inaweza kuliita gari la biashara, na ukirudi kwenye madai utakuta mlango umefungwa. Akiwapa lifti, awape kwa ihsani.

Njia ya Fuoni mpaka Tunguu unaijua kuliko mimi. Asubuhi watoto wa skuli wako pande zote mbili na sare zao, vespa zinapenya katikati. Magharibi kuna baskeli zisizo na taa na gari za ng'ombe zinazorudi na majani. Mfanyie kijana hesabu hii: kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, gari linakwenda mita 11 kila sekunde. Akiitazama simu sekunde mbili, amekwenda mita 22 bila macho. Kwa 80 ni mita 44, na breki za 80 zinahitaji masafa mara nne ya breki za 40. Mpeleke barabarani, upime mita 44 kwa hatua, asimame mwisho mmoja na wewe mwisho mwengine. Mwanangu wa pili nilimfanyia hivyo kwenye kiwanja cha mpira. Alinyamaza, akaiweka simu mfukoni.

Usiku, baada ya sala ya isha, gari lilale nyumbani mpaka atimize miezi sita ya leseni. Na siku za sikukuu, ya pili na ya tatu hasa, ufunguo uwe chini ya mto wako. Vijana wanatoka Mnazi Mmoja wakiwa na furaha, mmoja anasema twende Paje, na safari inaanza saa nne usiku. Na hata akienda mchana, pale Jozani matuta yaliwekwa ili kima punju wasigongwe. Kijana anayepunguza mwendo kwa kima nitamwamini kwa watu.

SWALI

Nimenunua Passo kwa mtu wa Bububu ili binti yangu wa miaka 20 aendee kazini. Stika ya bima ina miezi saba bado na muuzaji kaniachia. Niitumie mpaka iishe?

Baba Nasra, Mtoni

JIBU

Usiitumie hata kesho, Baba Nasra. Bima ile ni mkataba kati ya kampuni na yule aliyekuuzia. Gari limetoka mkononi mwake, naye hana tena maslahi nalo. Bima haimfuati mnunuzi kama tairi za gari. Nendeni pamoja mkabadilishe umiliki, kisha nenda kwa kampuni ile ukiwa na kadi mpya. Wanaweza kukubali kuihamishia kwako kwa maandishi, au watakukatia mpya. Na hapo hapo mtaje binti yako kama dereva. Mpaka karatasi ikamilike, apande daladala.

SWALI

Mwanangu, mimi ni mzee, nakaa nje kidogo ya Wete. Nina Escudo ya zamani. Mjukuu wangu wa kike ana miaka 17, mama yake hayupo, mimi ndiye ninayemlea. Anataka kujifunza gari na mimi macho yangu usiku hayaoni tena vizuri, ningependa awe ananipeleka hospitali Chake. Jioni njia ikiwa tupu, naweza kumpa aendeshe mpaka Konde nikiwa pembeni yake?

Babu wa Wete

JIBU

Shikamoo, mzee wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na namwombea mama yake popote alipo.

Bado asiendeshe njiani. Leseni ya gari inaanzia miaka 18, na kabla ya kupewa hiyo lazima upitie leseni ya kujifunzia. Ukimpa usukani kwenye barabara ya umma leo, bima ya Escudo yako haina nguvu kwake, iwe kubwa au ndogo. Na njia tupu ya Pemba, mzee wangu, wewe unaijua: kilima, kona, kisha ghafla mtoto na ndoo ya maji. Msimu wa karafuu ndiyo zaidi. Majamvi yameanikwa mpaka ukingoni mwa lami, watu wamechuchumaa wanachambua, na gari linalotokea juu ya kilima halina pa kukimbilia.

Lakini mwaka huu mmoja usipotee bure. Kuna mengi ya kujifunza gari likiwa limezimwa uani kwako. Mfundishe kufungua boneti asubuhi, achomoe kijiti cha oili, akifute, akirudishe, akichomoe tena asome. Aangalie maji, injini ikiwa baridi, asifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto. Afungue tairi na kulirudisha mwenyewe, kwa jeki, bolti azikaze kwa msalaba. Akae kiti cha dereva arekebishe vioo mpaka akuone wewe ukiwa umesimama nyuma kushoto, kisha ajue ni wapi ukisogea hakuoni tena. Binti yangu nilimfundisha hayo mwaka mzima, na alipokwenda skuli ya udereva mwalimu alidhani ameshawahi kuendesha.

Unapokwenda Chake mchana, mkalishe mbele akusomee njia kwa sauti: "Babu, baskeli kushoto. Babu, gari linatoka pembeni." Macho yake yatazoea kutafuta, na wewe yatakusaidia.

Akitimiza 18, mpeleke skuli ya udereva kwanza, usimfundishe wewe kuanzia mwanzo, tabia zetu za miaka 40 haziko zote nzuri. Apate leseni ya kujifunzia, na kabla hujampa Escudo umwambie wakala wako wa bima kuwa kuna mwanafunzi atakayeitumia, na jibu lake ulipate kwa maandishi. Escudo ya gia za mkono itamtesa kwenye vilima. Mzoeshe breki ya mkono: avute, akanyage klachi, aachie klachi taratibu mpaka asikie mbele ya gari inajiinua kidogo, ndipo aishushe breki. Arudie pale pale mara ishirini siku ya mwanzo.

Na wewe, mzee wangu, kwa kuwa umeniambia kuhusu macho yako, usiendeshe usiku tangu leo. Miadi ya hospitali iombe ya asubuhi, waeleze sababu. Mwaka ujao mjukuu wako akikufikisha Chake bila gari kumzimikia kilimani, niandikie tena, nitafurahi sana kujua.